Jinsi ya kufundisha watoto chimbuko la sinema: anza na duara la manila, si na tarehe

Historia ya mwanzo wa sinema inaweza kuandikwa ubaoni kwa dakika tano: Plateau 1832, Muybridge 1878, Edison 1893, Lumière 1895. Watoto watainakili, wataikariri, na wiki ikiisha hawatabaki na kitu. Tarehe zenyewe ni sahihi, ila mtoto amepewa majibu ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza.

Mimi hufundisha somo hili kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mitatu, na nimeshikilia utaratibu mmoja: tatizo kwanza, jina baadaye. Kila kifaa katika historia hii kilizaliwa kwa sababu kuna mtu alikwama mahali. Mwache mtoto naye akwame palepale, ahangaike na karatasi na mkasi. Akishapata njia, au akishashindwa kabisa, hapo ndipo umwambie kwamba kuna mtu alikwama hapa mwaka fulani, na alitoka hivi. Jina likija wakati huo halisahauliki.

Matatizo ninayoyafuata ni haya. Picha iliyotulia inawezaje kuonekana inatembea? Mwendo wa kweli, wa mtu au mnyama, unakamatwaje? Picha nyingi zinapitishwaje mbele ya jicho bila kuvurugana? Watu wengi wanaonaje kwa pamoja? Na mwisho, ukishaweza yote hayo, utasimulia nini? Usikimbilie kuyamaliza katika kipindi kimoja. Mawili ya kwanza peke yake yanajaza vipindi viwili, na yanastahili.

Vifaa ni vya kawaida: manila, mkasi, rula, bikari, kipimapembe, pini, penseli zenye kifutio, uzi, gundi, na kioo cha kujitazamia. Simu moja yenye kamera itahitajika baadaye. Kwa siku ya kwanza ifiche kabisa. Mtoto aliyezoea kugusa skrini na video ikaanza hapaswi kuiona video yoyote kabla hajatengeneza mwendo kwa mkono wake.

Anza na ndege na tundu lake

Kata duara dogo la manila, kipenyo kama sentimita 7. Upande mmoja chora ndege, upande wa pili chora tundu tupu la kufugia, ukigeuza juu chini ili picha zikutane vizuri. Toboa pande mbili, funga uzi, usokote, kisha vuta. Ndege ataingia tunduni. Kifaa hiki kiliuzwa London katika miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kukieneza ni daktari John Ayrton Paris.

Usikae hapa sana. Watoto watashangilia, nawe utatamani kuendelea, lakini waulize: je, ndege ameruka? Hajaruka. Picha mbili zimeonekana kama moja, basi. Hakuna mwendo bado. Watoto wakilitambua hilo wenyewe, wako tayari kwa duara kubwa.

Duara lenye mianya: hapa ndipo penye moyo wa somo

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu wote, fanya hiki.

Kila mtoto, au kila wawili wawili, wachore duara la kipenyo cha sentimita 25 hivi. Waligawe sehemu 12 kwa kipimapembe, kila sehemu nyuzi 30. Hapo umeshafundisha hesabu bila kutangaza. Kwenye kila mstari wa mgawanyo, kuanzia ukingoni kuelekea ndani, wakate mwanya mwembamba: upana milimita 3, urefu sentimita 2 na nusu. Mwanya ukiwa mpana picha itakuwa na ukungu. Ukiwa mwembamba mno itakuwa giza. Upande wa nyuma upakwe rangi nyeusi, kwa sababu ukiwa mweupe unarudisha mwanga machoni na kuharibu kila kitu.

Sasa uchoraji. Watoto watataka kuchora watu wakipigana, magari yakigongana, joka likitema moto. Wape mpira. Mpira mmoja unaodunda, picha 12, moja kati ya kila mianya miwili. Picha ya 1 mpira uko chini, ya 7 uko juu kabisa, na ya 12 umekaribia kurudi chini. Wasisitizie jambo hili mpaka waelewe: picha ya mwisho lazima ikabidhiane na ya kwanza, maana duara halina mwisho. Wenye kasi wanaweza kuufanya mpira ubonyee kidogo unapogusa chini, na wataona wenyewe jinsi unavyopata uzito.

Chomeka pini katikati ya duara mpaka kwenye kifutio cha penseli, lizunguke kwa urahisi. Simameni mbele ya kioo, picha zikielekea kioo.

Kabla hawajatazama kupitia mianyani, waambie wazungushe na kutazama kioo kwa juu ya duara, bila kupitia popote. Wataona utando wa kijivu tu, mistari iliyochanganyika. Waache waseme kwamba kifaa hakifanyi kazi. Wapo watakaokunja uso na kuanza kutafuta kosa kwenye michoro yao. Kisha: "Sasa leteni jicho nyuma ya duara, mtazame kioo kupitia mianya."

Nimeliona hili kwa watoto wa kila rika, na linafanana: kelele zinakatika kwanza, halafu zinarudi mara tatu yake. Mpira unadunda. Aliyekuwa amenuna anamvuta mwenzake shati aje aone.

Ukishawatuliza, uliza swali ambalo kipindi kizima kimelijengea: kwa nini mianya? Picha ni zilezile, mkono ni uleule, kasi ni ileile. Kilichoongezeka ni nini? Atatokea mtoto atakayesema kilichoongezeka ni giza. Amepatia. Kati ya mwanya na mwanya jicho linazibwa, na wakati limezibwa picha inasogea. Jicho likifunguliwa linakuta picha nyingine, iliyobadilika kidogo, mahali palepale. Giza linaficha kusogea kwa picha, na kinachobaki kuonekana ni kusogea kwa mpira. Kamera na projekta zote zilizokuja baadaye zimesimama juu ya jambo hili.

Vitabu vingi vinaeleza kwamba tunaona mwendo kwa sababu picha "hubaki" kwenye jicho kwa sekunde kidogo. Usiishie hapo. Kama ni kubaki tu, tungeona picha 12 zimerundikana, kama ule utando wa kijivu. Anayeunganisha picha hizi kuwa mwendo ni ubongo: unapoona kitu hapa, kisha kitu hichohicho pale jirani, unakubali kwamba kimesogea. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hili vizuri kabisa akiambiwa baada ya kuzungusha duara lake.

Hapo lete jina. Joseph Plateau, mwanasayansi wa Brussels, alitengeneza duara hili mwaka 1832. Karibu wakati uleule Simon Stampfer wa Vienna alitengeneza la kwake, bila kuiga kwa mwenzake. Lisisitize hilo la watu wawili, kwa maana litarudi tena na tena katika historia hii. Waambie pia kwamba Plateau, aliyelipa jicho zawadi hii, baadaye alipofuka, na aliendelea na kazi ya sayansi akiwa kipofu kwa msaada wa watu wake.

Tahadhari moja kabla hujaanza: mwanga unaokatika-katika unaweza kuwasumbua baadhi ya watoto wenye kifafa. Uliza wazazi mapema, na mtoto wa namna hiyo mpe kazi ya kuchora au kuhesabu, asitazame mianyani.

Zoetropu, yaani pipa lenye mianya pembeni na ukanda wa picha ndani, unaweza kuitaja kwa kifupi. William George Horner aliifikiria mwaka 1834, na ikaja kupendwa sana miaka ya 1860. Faida yake ni kwamba haihitaji kioo na watu kadhaa wanatazama kwa pamoja. Kitabu cha kupekua kwa dole gumba, yaani kijitabu chenye mchoro unaobadilika kidogo kila ukurasa, nacho kipe kama kazi ya nyumbani. Watoto wanakipenda na hawahitaji maelezo.

Farasi, na watoto kumi na wawili waliogeuka kamera

Mpaka hapa kila kitu kimechorwa. Tatizo la pili ni mwendo wa kweli.

Waambie wachore farasi anayekimbia kwa kasi zote, bila kuangalia picha yoyote. Kusanya michoro, ibandike ukutani. Karibu wote watamchora farasi aliyenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama anaruka mtaro. Wachoraji wakubwa walimchora hivyo kwa muda mrefu, kwa hiyo watoto wako wamo katika kundi la heshima. Kisha uliza: kuna wakati miguu yote minne inakuwa hewani? Piga kura, andika matokeo ubaoni, usitoe jibu.

Tokeni nje. Wapange watoto 12 mstari mmoja, hatua moja moja kati yao, wote wakitazama upande mmoja. Kila mmoja akunje karatasi iwe bomba na achungulie mbele moja kwa moja bila kugeuza kichwa. Mkiweza kuwa na ukuta mweupe ng'ambo, vizuri zaidi. Mwenzao mmoja akimbie mbele yao kwa kasi. Kila mtoto anachora mkao aliouona mkimbiaji alipopita kwenye bomba lake: mguu upi ulikuwa mbele, mikono ilikuwaje, mwili uliinama kiasi gani.

Mkirudi ndani, panga michoro 12 kwa mfuatano. Haitakubaliana. Mmoja ameona mguu wa kulia, jirani yake ameona wa kulia pia, wa tatu anaapa hakuona mguu wowote. Usiwakosoe, kwa sababu walichogundua ni kwamba jicho peke yake halitoshi. Hapo ndipo alipokuwa amekwama Leland Stanford, tajiri wa California aliyewahi kuwa gavana na mfugaji wa farasi wa mbio, na ndiyo sababu alimwajiri mpiga picha Eadweard Muybridge. Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akaweka kitambaa cheupe ng'ambo, na akatandaza nyuzi ambazo farasi alizikata alipopita, kila uzi ukifyatua kamera yake. Kilekile walichofanya watoto nje kwa mabomba ya karatasi.

Sasa waonyeshe picha zenyewe. Ndiyo, miguu yote inakuwa hewani, lakini si wakati imenyooshwa: ni wakati imekusanyika chini ya tumbo. Warudishe kwenye michoro yao ya ukutani, wailinganishe wenyewe. Hadithi kwamba Stanford alikuwa ameweka dau kubwa inasimuliwa sana. Iache, ushahidi wake ni hafifu na tukio halihitaji kuongezwa chumvi.

Mtaje na Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyesomea mwendo wa viumbe. Yeye aliona kamera 12 ni nyingi. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja, akawa anawalenga nayo ndege wanaoruka. Wavulana watataka kuchora bunduki hiyo. Waruhusu, lakini waulize tofauti yake na ya Muybridge: kamera moja inayomfuata ndege, badala ya kamera nyingi zinazomsubiri farasi. Huo ni mruko mkubwa.

Utepe unaosimama

Tatizo la tatu ndilo gumu kulieleza kwa maneno na rahisi kulionyesha kwa mikono. Seluloidi, plastiki nyembamba inayopinda, ilipopatikana, na kampuni ya George Eastman ikaanza kuuza filamu zake za utepe mwaka 1889, picha nyingi ziliweza kukaa kwenye ukanda mmoja mrefu. Lakini ukivuta ukanda huo mfululizo mbele ya tundu, unaona nini? Utando wa kijivu, uleule wa kwenye duara.

Tengeneza ukanda wa karatasi wenye michoro kumi. Kata tundu kwenye manila, ukubwa wa mchoro mmoja. Watoto watatu: mmoja anavuta ukanda nyuma ya tundu, mmoja anaziba na kufunua tundu kwa kiganja, mmoja anatoa amri. Darasa zima wanaitikia naye: "Simama! Funua! Ziba! Vuta!" Kisha tena. Mara ya kwanza watachanganyikiwa, atafunua wakati mwenzake bado anavuta. Waendelee mpaka mikono ikubaliane. Kwa mwendo huo hawataona picha ikitembea, na waambie hivyo, lakini miili yao sasa inajua projekta inafanya nini ndani yake.

Mashine ya ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, ilifanya hayo yote manne mara 16 hivi kwa sekunde. Louis Lumière alichukua wazo la kuvuta na kusimamisha kutoka kwenye cherehani, ambayo meno yake husogeza kitambaa, yakakiacha kitulie sindano ishone, kisha yakakisogeza tena. Ukiweza kuleta cherehani darasani, ilete. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, na watoto wainamie kutazama meno yale chini ya sindano. Ni dakika tatu zisizo na gharama, na zinafaa kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Tundu la mtu mmoja na ukuta wa watu wengi

Marekani, katika maabara ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, kazi kubwa ilifanywa na William Dickson. Jina lake lisimezwe na la bosi wake. Filamu yao ilikuwa na upana wa milimita 35 na matundu manne kila upande wa kila picha, vipimo ambavyo sinema iliendelea kuvitumia kwa zaidi ya miaka mia moja. Studio yao ya mwaka 1893 watoto huipenda sana: jengo jeusi, paa linafunguka, na jengo zima linazungushwa juu ya reli. Uliza kwa nini kabla ya kueleza. Watahangaika na majibu ya ajabu mpaka mmoja akumbuke kwamba taa zenye nguvu hazikuwepo, na jua halisimami mahali pamoja. Humo ndani, Januari 1894, mfanyakazi Fred Ott alipigwa picha akipiga chafya. Filamu ni ya sekunde chache tu. Ionyeshe, halafu waache wapige chafya, maana watapiga tu.

Filamu hizo zilitazamwa kwenye kinetoskopu, kabati lenye tundu juu, mtu mmoja kwa wakati. Ukumbi wa kwanza wa makabati hayo ulifunguliwa New York tarehe 14 Aprili 1894. Ili waelewe maana ya mtu mmoja kwa wakati, weka kitabu cha kupekua ndani ya boksi lenye tundu na uwapange foleni. Kila mtoto anatazama peke yake, anacheka peke yake, anaondoka. Kisha chafya ileile ionyeshe ukutani kwa wote. Waulize tofauti. Siku hiyo hawatakuambia habari za mashine, watakuambia habari za kucheka pamoja.

Huo ndio uzito wa tarehe 28 Desemba 1895. Auguste na Louis Lumière, wenye kiwanda cha vifaa vya picha Lyon, walionyesha filamu kumi fupi kwenye chumba cha chini cha Grand Café, Paris, mbele ya watu 33 waliolipa faranga moja kila mmoja. Mashine yao ilipiga picha, ilinakili na ilionyesha, yote ndani ya boksi moja la mbao la kuzungushwa kwa mkono. Filamu zenyewe zilikuwa na urefu wa mita 17 hivi. Pimeni uzi wa mita 17 uwanjani. Kila picha inachukua milimita 19 za utepe. Zitaingia ngapi? Karibu 900. Kwa picha 16 kila sekunde, filamu itadumu muda gani? Chini kidogo ya dakika moja. Mtoto anayeutembea uzi huo toka mwanzo hadi mwisho huku mwenzake akihesabu sekunde anaelewa kwa nini filamu za kwanza ni fupi, na haulizi tena.

Katika kuonyesha filamu yenyewe nina msimamo mkali kidogo. Intanetini utakuta matoleo yaliyotiwa rangi na kulainishwa kwa kompyuta. Usianze nayo. Onyesha kwanza toleo la kijivu, lenye mikwaruzo, bila muziki. Na hakikisha haliendi mbio: filamu za kuzungushwa kwa mkono zikichezwa kwa kasi ya leo, watu wanakimbiakimbia kama vikaragosi, na watoto wanabaki na wazo kwamba watu wa zamani walikuwa wa kuchekesha. Walitembea kama sisi.

Chagua ile ya wafanyakazi wakitoka kiwandani, iliyopigwa Lyon mwaka 1895. Yapo matoleo matatu: moja lina gari la farasi mmoja, jingine la farasi wawili, jingine halina farasi. Usiwaambie. Waonyeshe yote matatu na kazi iwe moja tu, kutafuta tofauti. Watakuletea farasi, watakuletea mbwa, watakuletea nguo nyepesi na nzito zinazoashiria majira tofauti. Kisha swali: kama lilipigwa zaidi ya mara moja, je, hawa wanatoka kazini kweli, au wameambiwa watoke? Na mbona hakuna anayesimama kuishangaa kamera? Hapo watoto wa miaka kumi wanajadili kama picha inaweza kusema kweli huku imepangwa, na ukiwapa nafasi hawatataka kutoka.

Na treni. Utasoma kila mahali kwamba watazamaji walikimbia walipoona treni ikija kwenye pazia. Filamu ya treni ikiingia kituo cha La Ciotat haikuwemo hata kwenye onyesho la tarehe 28 Desemba, na wanahistoria waliotafuta ushahidi wa kuaminika wa watu kukimbia hawakuupata. Usiitupe hadithi hiyo, itumie. Waulize wanafunzi nani anafaidika hadithi kama hiyo ikienea.

Ukishaweza, utasimulia nini?

Sasa toa simu. Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Paris aliyekuwa na ukumbi wake, aliona maonyesho ya Lumière na akataka kununua mashine, wakamkatalia. Akajitafutia nyingine. Alisimulia baadaye kwamba kamera yake iliwahi kukwama akipiga picha mtaani, na alipoionyesha filamu, basi la abiria liligeuka gari la maiti mbele ya macho yake. Iwe ilitokea hivyo hasa au aliipamba, mbinu ni ya kweli: simamisha kamera, badilisha kitu, endelea.

Simu ikae juu ya kitu imara, asiiguse mtu zaidi ya mmoja. Watoto watatu wasimame mbele yake. Rekodi, kisha "Ganda!" Wote wanaganda, rekodi inasimamishwa, mmoja anatoka, waliobaki hawasogezi hata kidole, rekodi inaendelea. Mtoto ametoweka. Ugumu wote uko kwenye kuganda: mkono ukishuka sentimita tano, mazingaombwe yameharibika. Warudie mpaka wapate. Wakishapata ndipo uwaonyeshe safari yake ya mwezini ya mwaka 1902, ya dakika 14 hivi. Watapiga kelele kila wanapoona mbinu yao. Kama una nakala ya rangi, waambie rangi hizo zilipakwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier, kila mmoja akiwa na rangi yake. Wape dakika kumi wapake rangi ukanda wa picha za ukubwa wa kucha, wapate kuiheshimu kazi hiyo.

Mtaje Alice Guy kwa kirefu kuliko vitabu vingi vinavyomtaja. Alikuwa katibu katika kampuni ya Gaumont ya Ufaransa, akaomba ruhusa ajaribu kutengeneza filamu ya hadithi, akaruhusiwa mradi kazi ya ofisi isilegee, na mwaka 1896 akatengeneza. Baadaye alikuwa na studio yake Marekani. Wasichana darasani hukaa wima wanaposikia hili, na wavulana nao wanahitaji kulisikia.

Sauti ipitie haraka: filamu hazikuwa na sauti ndani yake, lakini kumbi hazikuwa kimya. Palikuwa na kinanda, na Japani palikuwa na wasimulizi walioitwa benshi waliokuwa na wapenzi wao kama waigizaji. Zima sauti ya filamu yoyote na uwape watoto vikopo, karatasi na midomo yao waitengenezee.

Kupima walichoelewa

Sipimi tarehe. Mwisho wa mada natoa swali moja: "Nani aligundua sinema? Tetea jibu lako." Kabla hawajaandika nawapa majina mawili ya ziada ya kuwachokoza. Louis Le Prince alipiga picha za mwendo bustanini Leeds mwaka 1888, miaka saba kabla ya Lumière, kisha mwaka 1890 akapanda treni Ufaransa na hakuonekana tena. Ndugu wa Skladanowsky walionyesha filamu kwa watu wa Berlin waliolipa kiingilio tarehe 1 Novemba 1895, wiki nane kabla ya Paris.

Jibu lolote linaweza kupata alama zote. Anayemchagua Plateau akasema bila giza la mianya hakuna mwendo, apewe. Anayemchagua Dickson kwa sababu ya utepe wenye matundu, apewe. Anayewachagua Lumière aseme wazi kwamba kwake yeye sinema ni watu kuketi pamoja mbele ya pazia, maana bila kusema hivyo Edison atamshinda. Asiyepewa ni anayeandika jina bila kueleza jina hilo lilitatua tatizo gani. Na anayeandika "wote kwa pamoja" mrudishie karatasi kwa upole, aonyeshe kila mmoja alileta kipande gani, na kipande kipi kikiondolewa mashine yote inasimama. Andika vigezo hivi ubaoni kabla hawajaanza, na waruhusu wawe na duara lao la manila mezani wanapojibu.